Ronald Ngala: Maswali ya majimbo yaliyozimwa Bungeni

Maelfu ya wakazi wa Nairobi hupita kila siku katika Barabara ya Ronald Ngala wakikimbilia matatu, na huenda wengi wao hawajui kwamba mwenye jina hilo ndiye aliyekuwa Kiongozi wa kwanza wa Upinzani katika Bunge la Kenya huru. Jirani na barabara hiyo ipo nyingine iliyopewa jina la Tom Mboya. Walipokuwa hai, wawili hao hawakuwa na ujirani wa aina hiyo. Mboya, akiwa Waziri wa Haki na Masuala ya Katiba, aliketi upande wa serikali. Ngala aliketi mkabala naye akidai maelezo.

Alichokidai kilikuwa kimoja, ingawa alikiuliza kwa sura nyingi. Kati ya Juni 1963 na Novemba 1964, Ngala na wenzake wa chama cha KADU walitaka kujua ni lini mamlaka ambayo Katiba iliyapa majimbo yangekabidhiwa majimbo hayo. Serikali ya KANU haikuwa na haraka ya kujibu.

Ronald Gideon Ngala alizaliwa katika nchi ya Wagiriama, Kilifi, mapema katika miaka ya 1920. Alisoma katika shule ya misheni ya Kaloleni, kisha Shimo la Tewa na Alliance, na baadaye akapata stashahada ya ualimu katika Chuo cha Makerere. Alirudi Pwani akawa mwalimu, na miongoni mwa shule alizoziongoza ni Buxton, mjini Mombasa. Waliomfahamu walimtaja kuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti ovyo. Upole huo ulimfaa darasani. Katika siasa za Nairobi haukumfaa kila mara.

Mwaka 1957 alikuwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwakilisha Pwani. Wengine walikuwa Mboya, Oginga Odinga, Daniel arap Moi, Masinde Muliro, Lawrence Oguda, Bernard Mate na James Muimi. Kwa muda walikuwa kitu kimoja dhidi ya wakoloni. Umoja huo ulivunjika mwaka 1960. KANU ilipoundwa mwezi Mei, Ngala alichaguliwa mweka hazina na Moi akawa msaidizi wake, wote wawili wakiwa ng'ambo. Waliporejea walizikataa nafasi hizo. Mwezi uliofuata, huko Ngong, vyama vya Wakalenjin, Wamaasai, Waluhya wa Muliro na watu wa Pwani viliungana kuwa KADU, na Ngala akawa rais wake.

Hofu iliyowaunganisha ilikuwa ya kweli. Jamii ndogo zilihofia kwamba uhuru ungehamisha nguvu kutoka kwa Mzungu mmoja hadi kwa makabila mawili makubwa, na kwamba ardhi ya Bonde la Ufa na ya Pwani ingegawanywa na watu walioketi mbali. Ni kweli pia kwamba walowezi wengi waliipenda KADU kwa sababu zao wenyewe, na wapinzani wa Ngala hawakuacha kumkumbusha jambo hilo. Lakini kumwona kama kibaraka tu ni kuwapuuza watu waliompigia kura, ambao shida yao ya ardhi haikutungwa na mlowezi yeyote.

Katika uchaguzi wa 1961, KANU ilipata viti 19 na KADU 11. Hata hivyo KANU ilikataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta aachiliwe, na mwezi Aprili Ngala akakubali kuunda serikali ya wachache, akiwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Baada ya mkutano wa Lancaster House wa 1962, ulioafiki mfumo wa majimbo, yeye na Kenyatta waliingia katika serikali moja ya muungano, kila mmoja akiwa Waziri wa Dola anayeshughulikia masuala ya Katiba. Ngala ndiye aliyepewa pia utawala. Kwa hiyo, alipohamia upinzani alikuwa anazijua njia za ofisi za serikali kutoka ndani.

Katiba iliyotokana na mazungumzo hayo iliigawa Kenya katika majimbo saba: Pwani, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi na Kaskazini Mashariki, huku Nairobi ikiwekwa pembeni kama eneo la peke yake. Kila jimbo lilikuwa na baraza lake na rais wake. Wakuu wa mikoa waligeuzwa kuwa makatibu wa majimbo, na wakuu wa wilaya wakawa mawakala wa serikali za majimbo. Seneti yenye wajumbe 41 iliwekwa kuyalinda yote hayo.

KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963 kwa urahisi. Ngala alirejea Bungeni akiwa mbunge wa Kilifi Kusini na Kiongozi wa Upinzani. KADU ilikuwa na nguvu katika mabaraza ya Pwani na Bonde la Ufa, la pili likiongozwa na Moi. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kuwa na baraza si sawa na kuwa na mamlaka. Fedha zilikuwa Hazina, Nairobi. Watumishi walikuwa bado wa serikali kuu. Mahusiano ya serikali kuu na majimbo yalihusu zaidi Wizara ya Mambo ya Ndani, nayo ilikuwa chini ya Odinga, ambaye hakuwahi kuficha kwamba aliuona mfumo huo kuwa mzigo waliotwishwa Wakenya na wakoloni.

Mbunge asiye na serikali ana silaha chache, na swali ndilo lililo karibu zaidi naye. Huliandika, akalikabidhi kwa Katibu wa Bunge, likachapishwa katika ratiba ya shughuli, kisha waziri akaja na jibu lililoandaliwa na maofisa wake. Jibu hilo mara nyingi huwa fupi na salama. Uzito hasa umo katika swali la nyongeza, ambalo waziri hakuliona kabla na ambalo hawezi kulikimbia ila kwa kuahidi kwenda kuchunguza. Spika wa wakati huo, Humphrey Slade, mlowezi na mwanasheria, alizishikilia kanuni hizo kwa ukali bila kujali nani alikuwa madarakani. Yote yalifanyika kwa Kiingereza. Kiswahili kiliruhusiwa Bungeni mwaka 1974, Ngala akiwa amekwisha kufa. Mzee wa Kaloleni ambaye shamba lake lilikuwa likijadiliwa hangeweza kufuata mjadala huo hata kama angeketi katika roshani ya wageni.

Upinzani uliishikilia serikali katika mambo ambayo yangeweza kupimwa: kuhamishwa kwa watumishi, usimamizi wa polisi, fedha za majimbo, ardhi. Haya hayakuwa maswali ya falsafa. Ama baraza la jimbo lilikuwa na fedha za kuendesha kazi zake au halikuwa nazo. Ama ofisa alipokea amri kutoka Mombasa au alipokea kutoka Nairobi. Udhaifu wa maswali hayo ulikuwa mwingine kabisa. KANU ilikuwa imeikubali Katiba ya 1962 ili uhuru usicheleweshwe, ikiwa na nia ya kuibadilisha baadaye. Swali la Bungeni humbana waziri anayeona haya kushindwa kutekeleza sheria. Serikali iliyokwisha amua kuifuta sheria yenyewe haibanwi namna hiyo, na kila mwezi wa kuchelewa ulikuwa faida kwake.

Oktoba 1963, London, serikali ilipata mabadiliko ya kwanza, yaliyoimarisha mkono wake katika polisi na utumishi wa umma na kulegeza baadhi ya masharti ya kurekebisha Katiba. KADU ilitishia kuigawa nchi. Hilo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndilo kosa kubwa zaidi la maisha ya Ngala kisiasa, kwa maana liliwapa wapinzani wake nafasi ya kumchora kama adui wa taifa wiki chache tu kabla ya bendera kupandishwa. Kitisho chenyewe hakikutekelezwa.

Mwaka 1964 ulianza vibaya kwa yeyote aliyetaka mamlaka yatawanywe. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari, maasi ya askari wa Lanet yakafuata siku chache baadaye, na vita vya mashifta vilikuwa vikiendelea Kaskazini Mashariki. Hoja ya kwamba nchi ilihitaji mkono mmoja wenye nguvu iliwaingia wengi. Chama cha Paul Ngei kilikuwa kimekwisha kurudi KANU mwaka 1963, na sasa wabunge wa KADU walianza kuhama mmoja baada ya mwingine. Kila aliyehama alikuwa na sababu rahisi kueleweka: wananchi wake walitaka barabara na shule, na mwenye funguo za Hazina alikuwa upande wa pili.

Agosti 1964 Kenyatta alitangaza kwamba Kenya ingekuwa jamhuri yenye serikali moja. Mswada ulihitaji kura nyingi maalumu, na Seneti ndiyo iliyokuwa ngome ya mwisho. Ngome hiyo nayo ilikuwa inabomoka, huku serikali ikiwa tayari kwenda kwa kura ya maoni. Tarehe 10 Novemba Ngala alisimama Bungeni, akatangaza kuvunjwa kwa KADU na kuwaongoza wenzake hadi upande wa serikali. Kuna waliomwita msaliti. Ukihesabu kura zilizokuwa zimesalia mkononi mwake, ni vigumu kuona ni nini zaidi angeweza kukilinda kwa kubaki pale.

Baada ya siku hiyo hakukuwa na upinzani rasmi hadi Odinga alipojitenga mwaka 1966. Majimbo yakawa mikoa. Mwisho wa 1966 Seneti iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi, na mwaka 1968 mabaraza ya mikoa nayo yakaondolewa. Seneti ilirejea mwaka 2013, chini ya Katiba ya 2010 iliyounda kaunti 47, na mvutano juu ya fedha na kazi zilizogatuliwa ukarudi pamoja nayo.

Ngala mwenyewe aliteuliwa kuwa waziri mwaka 1966, na katika mkutano wa Limuru mwaka huo alichaguliwa mmoja wa makamu wanane wa rais wa KANU, kwa niaba ya Pwani. Alishika wizara ya ushirika na huduma za jamii, kisha ya nguvu za umeme na mawasiliano. Ilikuwa kazi ya heshima, na ilimpa nafasi ya kuwasaidia watu wake kwa njia za ndani. Lakini waziri haulizi maswali Bungeni, huyajibu. Suala la maskwota wa Pwani, ambalo lingeweza kuwa swali lake la kwanza kila Jumanne, sasa alipaswa kulinong'ona katika vikao vya faragha. Kazi ya kuuliza ilibaki kwa vijana wa iliyokuwa KADU, kama Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney, nao walitiwa kizuizini Oktoba 1975, wakikamatwa katika majengo ya Bunge.

Ngala hakuyaona hayo. Desemba 1972 gari lake lilipata ajali karibu na Konza, katika barabara kuu ya Mombasa. Ilielezwa kwamba nyuki waliingia ndani ya gari na kumfanya dereva kupoteza mwelekeo, maelezo ambayo wengi Pwani walikataa kuyaamini. Alifariki siku ya Krismasi, akiwa bado waziri.