Laurean Kardinali Rugambwa

Laurean Rugambwa alizaliwa mwaka wa 1912 huko Bukongo, Kagera, katika ukoo wa kiungwana wa Wahaya. Alisomea upadre katika seminari ya Katigondo, hapa kwetu Uganda, akapadirishwa mwaka wa 1943, akawa askofu mwaka wa 1952. Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho. Tanganyika ilikuwa ingali ikiletewa gavana kutoka Uingereza, ilhali mwana wake alikwisha kupata haki ya kumchagua Papa. Naye aliitumia mwaka wa 1963. Aliliongoza Jimbo Kuu la Dar es Salaam tangu 1968 hadi 1992. Alifariki dunia tarehe 8 Desemba 1997, na mwaka wa 2012 mwili wake ulihamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba.