Ira Louvin: Gwiji wa kantri aliyeangushwa na chupa

KATIKA historia ya muziki wa kantri nchini Marekani, ni nadra kupata ndugu waliopatana mno jukwaani na kukosana mno nje yake kama Ira na Charlie Louvin.

Ira alizaliwa mnamo Aprili 21, 1924, katika jimbo la Alabama. Charlie alizaliwa Julai 7, 1927. Jina lao halisi la ukoo lilikuwa Loudermilk, nao walilibadilisha baadaye kwa sababu liliwatatiza wengi kulitamka na kuliandika.

Walilelewa karibu na Henagar, ambako baba yao alikuwa mkulima wa pamba. Mzee huyo alikuwa mkali, na viboko vyake vilimwangukia Ira zaidi ya wengine. Faraja yao ilikuwa kuimba. Walijifunza nyimbo za kanisani za Sacred Harp, ambazo waumini huziimba kwa sauti nne bila ala yoyote.

Msingi huo ndio uliowatofautisha na wenzao. Ira aliimba sauti ya juu na kupiga mandolini, naye Charlie akaimba sauti ya chini na kucharaza gita. Mara nyingine walibadilishana sauti katikati ya wimbo bila kupeana ishara, na msikilizaji asitambue.

Hata hivyo, ufanisi haukuja haraka. Walihangaika katika vituo vya redio vya Tennessee, wakafanya kazi katika posta ya Memphis ili wapate riziki, na Charlie akaitwa jeshini wakati wa vita vya Korea. Ilikuwa hadi 1955 ambapo walikubaliwa katika kipindi maarufu cha Grand Ole Opry, jijini Nashville. Mwaka uliofuata, wimbo wao wa I Don't Believe You've Met My Baby ulishika nafasi ya kwanza.

Mnamo 1959 walitoa albamu ya nyimbo za dini, Satan Is Real. Kwa picha ya jalada, Ira mwenyewe aliunda sanamu ya shetani kwa mbao, kisha matairi yaliyomwagiwa mafuta ya taa yakawashwa moto nyuma yao.

Lakini mtu huyo aliyewaonya wengine dhidi ya dhambi alikuwa mtumwa wa pombe. Alipolewa na mandolini ikakataa kulingana na sauti, aliivunja jukwaani mbele ya mashabiki. Charlie alisimulia baadaye kwamba katika ziara ya 1956, Ira alimtusi Elvis Presley kuhusu muziki wake, na kwamba kisa hicho kiliwanyima nafasi ya nyimbo zao kurekodiwa na nyota huyo.

Mnamo 1963, baada ya ugomvi wa nyumbani ambapo Ira alimshambulia mkewe, mwanamke huyo alimpiga risasi kadhaa. Ira alinusurika. Mwaka huo huo, Charlie, aliyekuwa amechoka kubeba mzigo wa kaka yake, aliamua kuimba peke yake. Kundi likavunjika.

Mnamo Juni 20, 1965, Ira alikuwa akirejea kutoka Kansas City alikokuwa ametumbuiza. Karibu na Williamsburg, Missouri, gari alimokuwa liligongana na jingine lililoendeshwa na mlevi. Ira na mkewe mpya, Anne, walifariki. Alikuwa na umri wa miaka 41.

Nyimbo zao hazikufa. Kundi la Byrds liliimba The Christian Life mnamo 1968, naye Emmylou Harris akapata umaarufu mnamo 1975 kwa If I Could Only Win Your Love. Mnamo 2001, ndugu hao waliingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri. Charlie aliendelea kuimba hadi uzeeni, akaaga dunia Januari 26, 2011.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Kwa wana hawa wa mkulima wa pamba, kifo kilibisha hodi kabla ya siku ya kapu.