Sigrid Undset: mama, mwandikaji, mukimbizi



Sigrid Undset wa Norwe alilea watoto watatu bila bwana nyumbani. Akiisha kuwalaza, njo anashika kalamu. Mwaka 1924 aliingia Kanisa Katolika. Mwaka 1928 akapata zawadi ya Nobel. Franga zile alizigawa: sehemu moja ilisaidia wazazi walee nyumbani watoto wenye ulemavu wa akili, sawa vile binti yake mwenyewe. Mwaka 1940 vita ikaingia. Mutoto wake Anders akauawa. Mama akakimbilia Uswidi, kisha Marekani. Mwenye kutoa jana akawa mwenye kupokelewa. Huko pia aliendelea kuandika. Mwaka 1945 akarudia kwao, akafa Lillehammer mwaka 1949.