Weizmann: mkemia aliyegeuza mahindi kuwa malighafi ya kiwanda

Wengi wanamfahamu Chaim Weizmann kama rais wa kwanza wa Israel. Wachache wanajua kuwa kabla ya urais alikuwa mkemia, na kwamba kazi yake iliwafungulia wakulima wa mahindi soko jipya.

Alizaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Motal, ambacho leo kiko Belarus. Alisomea kemia Ujerumani na Uswisi, kisha mwaka 1904 akahamia Manchester, Uingereza, kufundisha chuo kikuu. Bei ya mpira ilipopanda, alianza kutafuta njia ya kupata butanoli, kemikali iliyotarajiwa kutengenezea mpira wa kiwandani. Akapata bakteria anayekula wanga wa mahindi moja kwa moja na kutoa kemikali tatu: takribani mafungu sita ya butanoli, matatu ya asetoni na moja la ethanoli.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, Uingereza ilihitaji asetoni nyingi kutengeneza baruti. Weizmann alipewa kiwanda cha pombe kali jijini London kufanyia majaribio, na njia yake ikafaulu. Mwaka 1917 meli zilizoleta nafaka zilikuwa zikizamishwa na mahindi yakaadimika, hata watoto wa shule wakatumwa kuokota mbegu chungu za miti zisizoliwa na watu, zipelekwe kiwandani.

Vita vilipokwisha mwaka 1918, soko la asetoni lilianguka. Butanoli, iliyokuwa ikirundikana bila mnunuzi, ndiyo ikaokoa biashara: katika miaka ya 1920 watengenezaji wa magari Marekani waliihitaji kwa rangi zinazokauka haraka. Baadaye viwanda viliacha mahindi na kutumia molasi ya miwa, iliyokuwa rahisi zaidi.

Weizmann alifariki mwaka 1952. Muda si mrefu kemikali za petroli zikashuka bei huku molasi ikipanda, na viwanda vingi vya njia yake vikafungwa. Afrika Kusini iliendelea hadi miaka ya 1980.

Leo watafiti wameirudia njia hiyo kutafuta mafuta ya magari kutokana na mabua na makapi. Somo kwa mkulima halijabadilika: kiwanda cha namna hii husimama kwa malighafi ya bei nafuu na kwa kuuza kila kinachotoka humo, si bidhaa moja tu.