Sheikh Al-Amin Mazrui: Kutoka kalamu hadi kiti cha Kadhi Mkuu

Anayepita Biashara Street, mjini Mombasa, husoma hata kama hakukusudia. Leso zimetundikwa milangoni mwa maduka, na kila moja ina jina lake: nasaha, dua au kijembe. Mtindo huo unahusishwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, mwanzoni mwa karne ya 20. Maneno ya awali yalichapishwa kwa herufi za Kiarabu.

Kwa herufi hizo hizo, na katika mji huo huo, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliwaandikia watu wake maneno mazito zaidi.

Alizaliwa mwaka 1891. Baba yake, mwanazuoni Sheikh Ali bin Abdalla, alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Malezi na masomo yake yakawa mikononi mwa jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, aliyekuwa kadhi na ambaye baadaye alikuja kuwa mkwewe. Alisoma pia Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir. Wakati huo, wajibu wake ulikuwa kusikiliza na kujifunza.

Mwaka 1930, akikaribia umri wa miaka 40, alianzisha Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili. Pwani ilikuwa chini ya Waingereza, Waislamu wengi walikuwa wakiuza mashamba yao, na watoto wao walikuwa nyuma kielimu. Akiwa amevutiwa na wanamageuzi wa Misri, Muhammad Abduh na Rashid Rida, Sheikh Al-Amin hakuishia kuwalaumu wageni. Aliwataka wasomaji wake wajitazame wenyewe: wasomeshe wana na mabinti, waache kufuja mali katika harusi na matanga, na wachukue elimu ya Wazungu bila kuiga kila desturi yao.

Mwaka 1932 alitoa gazeti jingine, Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Mwaka huo huo aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na gazeti hilo halikudumu.

Dhamana hiyo ilikuwa ya namna nyingine. Mwandishi huweza kukemea umma mzima bila kumtaja mtu. Kadhi huletewa mume na mke walioshindwana, au ndugu wanaogombania nyumba ya marehemu, na katika mji mdogo huenda wote anawafahamu. Hana budi kuamua haki ni ya nani, kisha akutane nao msikitini.

Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 46, alipanda na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kalamu hakuiweka chini. Miongoni mwa vitabu vyake kimo Hidayatul Atfal, kilichokusudiwa watoto, na mwaka 1944 makala zake za Sahifa zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Aliandika pia historia ya Wamazrui waliowahi kuitawala Mombasa. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuja kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1963.

Sheikh Al-Amin alifariki mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 56. Kama alivyoachwa yeye, aliacha mtoto aliyehitaji kulelewa na wengine: Ali, aliyekuwa na umri wa miaka 14. Mtoto huyo ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyejulikana duniani kote kwa kalamu yake, na ambaye mwaka 2014 alizikwa katika makaburi ya Wamazrui karibu na Fort Jesus.

Makala teule kutoka Uwongozi zilichapishwa upya mwaka 2017. Mzazi anayetoka Biashara Street na mzigo wa leso za harusi, akijiuliza karo itatoka wapi, angelikuta humo swali lake limeulizwa tangu mwaka 1930.