Jim Reeves na Santuri ya Krismasi Iliyomzidi Umri

James Travis Reeves, aliyefahamika ulimwenguni kwa jina la Jim Reeves, alizaliwa tarehe 20 Agosti, 1923 huko Galloway, jimboni Texas, nchini Marekani. Baba yake alifariki yeye akiwa mchanga. Katika ujana wake alicheza besiboli ya kulipwa katika timu ndogo, hadi jeraha la neva ya mguu lilipomkatiza, ndipo akageukia utangazaji wa redio.

Waimbaji wa muziki wa kantri wa wakati huo walipaza sauti, na hata yeye alianza hivyo. Baadaye aliishusha sauti yake na kuimba midomo ikikaribia kugusa kipaza sauti, kana kwamba anamsemesha mtu mmoja aliyeketi karibu. Kampuni yake ya kurekodi, RCA Victor, haikuufurahia mtindo huo. Mtayarishaji Chet Atkins alimuunga mkono, na mwaka 1957 wimbo wa "Four Walls" ukashika nafasi ya kwanza katika chati za kantri. Miaka miwili baadaye akatoa "He'll Have to Go", uliompa jina hata nje ya Marekani.

Mwaka 1962 alizuru Afrika Kusini, akarejea huko kuigiza filamu ya Kimberley Jim, na akarekodi nyimbo kwa Kiafrikana. Nchi hiyo ilikuwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, jambo ambalo msomaji wa leo hawezi kulipita kimya anapoisoma safari hiyo.

Mwaka 1963 ilitoka albamu yake ya Twelve Songs of Christmas. Ina nyimbo kumi na mbili, za kanisani na za sherehe za nyumbani, zikiwemo "Silver Bells" na "Mary's Boy Child", na zote ameziimba kwa utulivu uleule, bila kushindana na vyombo. Wasikilizaji wengi wa redio hapa Afrika Mashariki huitambua sauti hiyo kila ifikapo Desemba, pengine bila kujua jina la mwimbaji. Yeye mwenyewe, tangu albamu hiyo itoke, aliiona Krismasi moja tu.

Tarehe 31 Julai, 1964, akirusha mwenyewe ndege ndogo ya injini moja kutoka Arkansas, aliingia katika dhoruba ya mvua karibu na Nashville. Ndege ilianguka, akafariki pamoja na mpiga piano wake, Dean Manuel. Msako uliendelea hadi tarehe 2 Agosti, miili ilipopatikana. Alikuwa na umri wa miaka 40. Alizikwa Carthage, Texas.

Mjane wake, Mary, alisimamia kazi alizoacha, na santuri mpya ziliendelea kutoka kwa miaka mingi. Mwaka 1966 wimbo wa "Distant Drums" ulikaa nafasi ya kwanza nchini Uingereza kwa majuma matano, mwimbaji wake akiwa kaburini kwa zaidi ya miaka miwili.