Oswald Avery

Oswald Theodore Avery (Halifax, Kanada, 21 Oktoba 1877 – Nashville, Marekani, 20 Februari 1955) alikuwa daktari na mtafiti wa bakteria aliyefanya kazi katika hospitali ya Taasisi ya Rockefeller mjini New York. Anajulikana hasa kwa kuonyesha kwamba DNA ndiyo inayobeba sifa za urithi. Katika maabara yake pia iligunduliwa protini inayoitwa CRP, ambayo leo hupimwa katika damu ya watu na ya wanyama ili kutambua inflamesheni, yaani hali ya mwili kupambana na jeraha au maambukizi.

Maisha

Wazazi wake walikuwa Waingereza waliohamia Kanada, na baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Mwaka 1887 familia ilihamia New York, baba alikopewa kanisa katika mtaa wa watu maskini. Avery alisoma Chuo Kikuu cha Colgate, kisha akapata shahada ya udaktari huko Columbia mwaka 1904. Alitibu wagonjwa kwa muda mfupi tu. Mwaka 1907 aliingia maabara ya Hoagland mjini Brooklyn, na mwaka 1913 akahamia Rockefeller. Hakuoa.

Nimonia na "kitu C"

Siku hizo, kabla ya antibiotiki, nimonia iliua watu wengi, na Avery alitumia karibu maisha yake yote ya kazi kuchunguza bakteria anayeisababisha, pneumokoki. Mwaka 1923 yeye na Michael Heidelberger walionyesha kwamba ganda la bakteria huyo limejengwa kwa polisakaridi, yaani aina ya sukari. Wengi wakati huo waliamini kwamba protini pekee ndizo zinazotambuliwa na kinga ya mwili.

Mwaka 1930 William Tillett na Thomas Francis, waliokuwa katika maabara hiyo, walichanganya seramu ya wagonjwa wa nimonia na sehemu nyingine ya pneumokoki waliyoiita C. Seramu ni majimaji yanayobaki damu ikishaganda. Mashapo yalitokea wakati ugonjwa ukiwa mkali, lakini mgonjwa alipopona seramu yake haikutoa mashapo tena. Jambo hili lilikuwa kinyume cha matarajio, kwa kuwa kingamwili za kawaida huongezeka mgonjwa anapopata nafuu. Zaidi ya hayo, seramu za wagonjwa wa homa ya baridi yabisi, ambao hawakuwa na pneumokoki, nazo zilitoa mashapo.

Theodore Abernethy aliendeleza kazi hiyo kwa tumbili walioambukizwa nimonia kwa makusudi, akaona damu yao ikibadilika kama ya binadamu. Mwaka 1941 Abernethy na Avery walieleza kwamba kinachoshikana na C ni protini, na kwamba huhitaji kalsiamu ili ishikane. Mwaka huohuo Avery na Colin MacLeod waliwachanja sungura protini hiyo, na sungura wakatengeneza kingamwili dhidi yake. Kuanzia hapo haikuwa lazima tena kutumia C ya bakteria: kingamwili za sungura ziliweza kuitafuta protini moja kwa moja. Msingi wa vipimo vya kingamwili vya CRP vinavyotumika sasa ni huo.

DNA

Mwaka 1944 Avery, MacLeod na Maclyn McCarty walitangaza kwamba DNA ndiyo inayobadilisha aina moja ya pneumokoki kuwa nyingine. Wanasayansi kadhaa walisita kukubali. Avery alipewa Medali ya Copley mwaka 1945, lakini Tuzo ya Nobel hakuipata ingawa alipendekezwa mara nyingi, jambo linalohesabiwa na wengi kuwa kosa la watoa tuzo. Mwaka 1948 alihamia Nashville karibu na ndugu yake Roy, akafa huko kwa saratani ya ini.

Kipimo katika wanyama

McCarty aliipata CRP katika hali ya fuwele mwaka 1947, na mwaka 1951 protini inayolingana nayo ilielezwa katika sungura. Baada ya ELISA kubuniwa mwaka 1971, kingamwili zilianza kugandishwa kwenye vishimo vya sahani ya plastiki. Seramu hutiwa humo, CRP hunaswa, kisha huongezwa kingamwili ya pili yenye kimeng'enya kinachotoa rangi. Rangi ikikolea, CRP ni nyingi.

Si kila mnyama hufaa kwa kipimo hiki. Kwa mbwa CRP hupanda sana kukiwa na maambukizi au baada ya upasuaji, na hushuka anapopona, kama ilivyoonekana kwa wagonjwa wa mwaka 1930. Kwa ng'ombe hupimwa zaidi haptoglobini, na kwa paka na farasi amiloidi A ya seramu. Tena kingamwili dhidi ya CRP ya binadamu haziishiki vizuri kila mara ile ya mbwa, hivyo maabara za mifugo hutumia vipimo vilivyotengenezwa au kuhakikiwa kwa mnyama husika.